Mashini yako ya CNC inatikisika? Pima mbele ya kununua



Kuko mashini moja ndogo yenye vijana wamoja wa kwetu wanaanza kununua kwa kuchangiana pesa: mashini ya CNC. Ni mashini ya kuchonga yenye kuongozwa na kompyuta. Unachora kwenye kompyuta, programu inageuza ule mchoro kuwa amri, na mota ndogo 3 zinapeleka kisu kushoto na kuume, mbele na nyuma, juu na chini. Kile kisu chenye kuzunguka, mafundi wetu wanakiita fresi. Kwa hiyo mashini unaweza kutengeneza vibao vya majina, mihuri, mapambo ya mbao, hata sahani za umeme za redio.

Ya bei ndogo yenye kujulikana sana inaitwa 3018. Jina lenyewe linasema eneo yenye inaweza kuchonga: sentimita 30 kwa 18. Fremu yake ni vipande vya aluminiumu vyenye kuunganishwa na buloni. Juu ya meza kunasimama kitu kama mlango, wacha tukiite lango. Katikati ya lango kunapita fito 2 za chuma za mviringo, unene wa milimita 10, na kichwa chenye kubeba mota ya kuchonga kinatembea juu ya hizo fito. Kwenye mashini mingi za namna hii, kichwa ni cha plastiki.

Shida yake inajulikana: inatikisika. Unachonga duara, inatoka kama yai. Unachonga herufi, kando yake inakuwa na meno meno. Unaingiza fresi kidogo tu ndani ya ubao mgumu kama muvula, mashini inaanza kulia na meza yote inacheza. Hapo ndipo tunasikia ile sentensi: "Hii kitu iko bure, tuuzishe tu." Ao ingine: "Tukope pesa, tununue fito nene."

Mimi nasema: ngoja kwanza. Hizo sentensi 2 zote zinatoka kinywani mbele ya mtu kupima chochote. Na sisi wenye tulikaa miaka kwenye viti vya chuo, tukafanya mitihani ya RDM, tuko na kitu kimoja chenye muuzaji wa mashini hawezi kutuuzia: tunajua kupima na kuhesabu. Kama hatutumii ile elimu siku yenye pesa zetu wenyewe ziko hatarini, tutaitumia siku gani?

1. Nguvu ni kitu kimoja, ugumu ni kitu kingine

Nguvu ni kukataa kuvunjika. Ugumu ni kukataa kupinda. Wengi wanachanganya haya mambo 2.

Angalia chukudu za Goma. Chukudu inapakia magunia ya makala mpaka yanamzidi mwenye kuisukuma urefu. Inalia, inapinda kidogo kwenye matuta, lakini inafika. Hakuna mtu wa kulalamika kwamba imepinda milimita 3. Chukudu inahitaji nguvu.

Mashini ya kuchonga iko tofauti. Hakuna kazi ya mbao yenye itavunja ile fremu ya aluminiumu. Lakini fresi ikisukumwa nusu milimita pembeni, herufi imeharibika. Kwa hiyo, mtu akikuambia "tia vyuma vizito ili iwe na nguvu", muulize: vizito vya kuzuia nini? Uzito peke yake hauzuii kupinda. Umbo la chuma, urefu wake, na ginsi kimefungwa, ndivyo vinavyozuia.

Na jambo la pili, lenye ndilo moyo wa andiko hili: kati ya fresi na meza kuna mnyororo. Fresi inashikwa na mota, mota inashikwa na kichwa, kichwa kinashikwa na fito, fito zinashikwa na lango, lango linashikwa na fremu ya chini. Ukisukuma ncha ya fresi, kila pete ya mnyororo inapinda kidogo, na ile mipindo yote inajumlishwa. Pete moja ikiwa laini sana, hata ufanye zingine kuwa ngumu kama reli ya treni, ncha itaendelea kucheza. Ndiyo maana swali la kwanza ni "pete gani iko laini?" Swali la kununua linakuja nyuma.

2. Kutikisika ni magonjwa 3, hayana dawa moja

Mbele ya kupima tujue tunatafuta nini.

Ugonjwa wa kwanza ni mchezo. Kuna nafasi tupu kati ya vitu 2: kati ya visi ndefu ya kusukuma na ekru yake, ao kati ya ufito na rulema yenye kuteleza juu yake. Mota inageuka, lakini kwanza inakula ile nafasi tupu, ndipo kitu kinaanza kutembea.

Ugonjwa wa pili ni kupinda. Hakuna nafasi tupu, lakini kitu chenyewe kinakubali kama chemchemi.

Ugonjwa wa tatu ni mtetemo. Kitu kinapinda, kinarudi, kinapinda tena mara mingi kwa sekunde moja, na kinaacha alama ya mawimbi juu ya ubao.

Kutofautisha 2 za kwanza ni rahisi. Washa mashini ili mota za kusukuma zishike, lakini mota ya kuchonga uitoe kabisa kwenye umeme, ile ni usalama wa vidole vyako. Sukuma kichwa kwa mkono, halafu uachilie. Kikirudi fasi kilikuwa, ni kupinda. Kikibaki fasi ulikisukuma, ni mchezo. Fanya vile vile na meza: vuta mbele, achilia, sukuma nyuma, achilia.

Kazi yenyewe pia inasema. Duara yenye mabega yaliyolala pande 2 zenye kutazamana, kwa mfano mbele na nyuma, inaonyesha mchezo kwenye upande ule. Juu ya nini? Juu fasi duara inafika mwisho wa mbele, meza inapaswa kubadilisha njia. Mota inageuka kurudi, lakini meza inasimama mpaka nafasi tupu imalizike. Wakati ule ule kichwa kinaendelea kwenda pembeni, na mkunjo wa duara unakuwa mstari.

3. Kupima bila pesa mingi

Chombo kizuri ni saa ya kupimia, yenye mafundi wa garage wanaiita komparateri. Mshale wake unaonyesha mia moja ya milimita. Unaweza kuazima moja kwa fundi wa injini ukirudisha nayo vizuri. Mguu wake wa sumaku hautashika aluminiumu, kwa hiyo funga kwanza kipande cha bamba la chuma kwenye fremu ya chini.

Ukikosa, tengeneza kidole cha kukuza. Kamata kijiti chepesi na kigumu, kama mshale wa mwavuli, urefu wa sentimita 21. Kitoboe, tia msumari mwembamba kwenye sentimita 1 kutoka mwisho mmoja ili kizunguke bila kulegea. Mwisho mfupi uguse kitu unachopima, mwisho mrefu utembee juu ya karatasi ya milimita. Upande mrefu unazidi mfupi mara 20, kwa hiyo mchezo wa milimita 0,1 utauona kama milimita 2. Jicho la mtu linaona hiyo bila shida.

Kwa nguvu ya kuvuta, tumia mizani ndogo ya ndoano, ile wauza samaki wanatumia. Funga kamba kwenye ncha ya fresi, vuta kwa usawa mpaka mizani isome kilo 2, ni karibu niutoni 20. Ni nguvu ya kutosha kuonyesha ugonjwa, na haiwezi kuharibu kitu.

Sasa fanya hivi: vuta kilo 2 kila mara kwenye fasi ile ile, ncha ya fresi, lakini uhamishe komparateri. Soma juu ya lango. Soma katikati ya fito. Soma kwenye kichwa. Soma chini ya mota. Mwisho soma kwenye ncha. Kila fasi soma mara 3, andika ya katikati. Tofauti kati ya somo moja na lenye kufuata ni mpindo wa ile pete ya mnyororo. Basi. Umekwisha kumpima mgonjwa.

4. Mfano wa mashini moja ya Bukavu

Vijana 4 wa Bukavu, wote wenye diploma, walikula likelemba mpaka wakapata 3018 yao. Shule moja iliwaagiza vibao vya milango na ikawapa akonti. Vibao vya kwanza vilitoka na herufi zenye meno, na mkuu wa shule akavirudisha. Akonti ilikuwa imekwisha kuliwa kwenye mbao na rangi. Wawili walitaka kuuzisha mashini. Wawili walitaka kukopa ili kununua fito za milimita 12. Waliniita nikuje kusikiliza ubishi. Nikakuja na mizani na komparateri ya kuazima.

Tulivuta kilo 2 kuelekea mbele, na haya ndiyo tuliyosoma:

Juu ya lango: milimita 0,07.
Katikati ya fito: 0,17.
Kwenye kichwa: 0,50.
Chini ya mota: 0,55.
Ncha ya fresi: 0,62.

Tukatoa moja kwa ingine. Lango linakula 0,07. Fito zinakula 0,10. Kichwa cha plastiki pamoja na rulema zake kinakula 0,33. Kishikio cha mota 0,05. Fresi yenyewe, juu ilitoka ndefu, 0,07. Jumla 0,62.

Ona sasa. Fito za milimita 12 zingekuwa ngumu karibu mara 2, kwa hiyo 0,10 ingekuwa 0,05. Ncha ingetoka 0,62 na kufika 0,57. Deni lote kwa sababu ya 0,05! Hakuna jicho lenye lingeona tofauti kwenye kibao. Zaidi ya nusu ya ugonjwa ilikuwa ndani ya kichwa cha plastiki, fasi hakuna mtu alikuwa ameitaja kwenye ubishi.

Na meza nayo, tulipoisukuma mbele na nyuma, haikurudi: mchezo wa 0,18 kwenye ekru. Ndio ulikuwa unalaza mabega ya herufi O.

5. Dawa, kuanzia yenye haina bei

Kwanza, unyoofu na kukaza. Legeza buloni zote za fremu kidogo. Laza mashini juu ya kioo kinene ao kipande cha marumaru kilicho sawasawa. Pima pembe kwa pembe, ile mistari 2 ya kukatana: zikiwa sawa, fremu iko mraba. Kaza polepole, ukirukia upande huu na ule kama mtu anayefunga gurudumu la gari. Kwa fito, peleka kichwa mpaka mwisho mmoja ndipo ukaze buloni za mwisho ule, halafu kipeleke mwisho wa pili na ukaze kule. Kichwa kikienda chepesi katikati na kizito kwenye miisho, fito hazilingani. Angalia pia visi ndogo zenye kubana kiungo kati ya mota na visi ndefu. Moja ikilegea, utatafuta ugonjwa fasi zote.

Pili, kichwa. Plastiki ngumu ya ABS iko na ugumu wa gigapaskali 2 hivi, aluminiumu 70, chuma 200 hivi. Maana yake, kipande cha umbo lile lile kikiwa cha aluminiumu kinapinda mara 30 na zaidi kupungua kuliko cha plastiki. Si lazima ununue kichwa kipya. Bamba la aluminiumu la milimita 8, lililotobolewa vizuri na fundi mwenye mashini ya kutoboa ya kusimama, linaweza kuwa mgongo wa kichwa.

Lakini bamba peke yake haitoshi. Angalia fasi ya rulema. Kichwa kikisukumwa kwenye ncha ya fresi, kinataka kuinama, kama mtu anayevutwa miguu. Rulema zikikaribiana sana, zinakosa mkono wa kukizuia. Hesabu inasema: umbali kati ya rulema ukiuzidisha mara 2, kuinama kwenye ncha kunapungua mara 4. Na urefu kutoka fito mpaka ncha ukiupunguza nusu, kunapungua tena mara 4. Kwa hiyo tenganisha rulema kadiri nafasi inaruhusu, na nyanyua ubao unaochonga kwa kutia kipande cha mbao chini yake, ili kichwa kisishuke mbali. Kipande cha mbao cha bure kinafanya kazi ya dola mingi.

Tatu, mota na fresi. Shika mota kwenye fasi 2, juu na chini, usiache ishikwe na pete moja. Na fresi, usiitoe ndefu kuliko kazi inavyotaka. Ikitoka milimita 30 pahali pa 20, inapinda mara 3 na zaidi, juu urefu unajizidisha mara 3 ndani ya hesabu.

Nne, lango. Mraba wa vipande 4 ni umbo lenye kupenda kulala. Seremala anajua: mlango wa mbao usio na ubao wa kukingama unashuka upande wa komeo. Funga bamba la tripleksi la milimita 18 nyuma ya lango, kutoka pembe mpaka pembe, na buloni mingi, halafu tia kornieri za kuunganisha lango na fremu ya chini, mbele na nyuma, ili litengeneze pembe tatu. Ukitaka kuchomelea vyuma, fikiri mara 2: joto la kuchomelea linavuta chuma na kupindisha unyoofu uliotafuta asubuhi yote. Buloni inalegezwa na kurekebishwa. Ukishachomelea, kunyoosha ni kazi ingine.

Tano, mchezo wa ekru. Dawa yake ni ekru 2 kwenye visi moja, zenye kusukumana na chemchemi katikati, ili kila moja iegemee upande wake wa meno. Kamata chemchemi yenye nguvu kuliko nguvu ya kuchonga, isipokuwa hivyo itakubali kubanwa na mchezo utarudi. Lakini usizidishe: ikibana sana, mota inaruka hatua na kazi yote inahama fasi.

Sita, uzito, na uje mwisho. Funga mashini juu ya bamba la simenti, ao sanduku la mbao lililojazwa mchanga. Uzito chini hauongezi ugumu wa kichwa, lakini unatuliza mtetemo, kama mtu anayeshika ngoma kwa kiganja. Muhimu: uzito ukae chini, kwenye kitu kisichotembea. Ukiuweka kwenye kichwa ao kwenye meza, mota ndogo zitachoka kusukuma.

6. Sasa ndipo tunaongea fito

Turudie namba za wale vijana. Nyuma ya kazi ya siku 3, kwa bamba la aluminiumu la kuomba kwa fundi wa madirisha, tripleksi iliyobaki ya kabati, na ekru moja ya kununua, tulipima tena kwa kilo zile zile 2. Lango 0,02. Fito 0,10, juu hatukuzigusa. Kichwa 0,10. Kishikio 0,03. Fresi 0,03. Jumla 0,28. Ncha ilikuwa imekuwa ngumu zaidi ya mara 2, na mchezo wa meza ulishuka mpaka mshale wa komparateri hauonyeshi kitu cha maana.

Sasa ona fito: mwanzoni zilikuwa 0,10 ndani ya 0,62, yaani sehemu moja ya sita. Sasa ziko 0,10 ndani ya 0,28, zaidi ya theluthi. Hazikubadilika hata kidogo, lakini sasa zimekuwa kati ya pete laini kabisa. Ndivyo mnyororo unavyofanya: ukiponyesha pete moja, ingine inakuwa mgonjwa wa kwanza. Swali la fito, ambalo siku ya ubishi halikuwa na maana, sasa iko na maana.

Hesabu yake munaijua. Ufito uliolazwa kwenye miisho yake na kusukumwa katikati unapinda kwa F × L³ ÷ (48 × E × I), na I ya ufito wa mviringo ni 3,14 × d⁴ ÷ 64. Tia namba: niutoni 20 zinagawanywa kwa fito 2, kila mmoja 10, urefu milimita 360, unene 10, E ya chuma 205 000. Inatoka karibu milimita 0,10. Namba ya karatasi na namba ya komparateri zilikutana. Mmoja wa vijana alicheka, akasema miaka yote aliandika ile formula akifikiri ni ya madaraja ya serikali tu.

Soma ile formula kama mtu anayesoma bei. Unene uko na nguvu ya 4: kutoka milimita 10 kwenda 12, ugumu unazidi mara 2, kwenda 16, unazidi mara 6 na nusu. Urefu uko na nguvu ya 3: ukipunguza ufito nusu, ugumu unazidi mara 8. Kwa hiyo yule mwenye kuchonga vitu vidogo tu, mihuri kwa mfano, anaweza kufupisha lango pahali pa kununua fito nene. Na yule mwenye kuhitaji upana wote, dawa yake ya kweli ni reli zenye kulala juu ya aluminiumu urefu wote, zisizo na katikati tupu ya kupinda. Lakini hizo zinadai rulema mpya, matundu mapya, na pesa. Mtu afike pale akiwa na namba mkononi.

Wale vijana hawakununua. Kazi yao ni herufi za mbao, na 0,28 iliwatosha, kwa sharti moja: kutochonga kwa pupa. Pahali pa kushusha fresi milimita 2 mara moja, wanashusha nusu milimita mara 4. Nguvu inayosukuma ncha inapungua, na mpindo unapungua nayo. Muda unazidi, ni kweli. Fresi inabadilishwa mbele ya kuwa butu, juu fresi butu inasukuma pahali pa kukata. Vibao vya shule vilitoka, vikapokelewa.

7. Kitu cha kuchukua nyumbani

Tengeneza daftari ya mashini yako. Ukurasa wa kwanza, andika zile namba 5: lango, fito, kichwa, kishikio, fresi. Kila unapobadilisha kitu, badilisha kimoja tu, pima tena, andika. Ukibadilisha vitu 3 siku moja, mashini inaweza kupona na usijue nini kiliiponyesha, na siku ingine ikiugua utaanza tena kwenye sifuri. Na kama dawa haikusogeza namba, iondoe, hata kama ulitoka jasho kuitengeneza.

Ile mashini ya bei ndogo haitakuwa ya kukata chuma cha pua, tusidanganyane. Iko na mpaka wake. Lakini kati ya ginsi inatoka kwenye karatoni na ule mpaka, kuko nafasi kubwa, na sehemu kubwa ya ile nafasi inalipwa kwa kupima, kukaza, kufupisha na kutenganisha. Mwenye kukopa pesa mbele ya kupima analipa deni kwa kitu asichokijua. Mwenye kuuzisha mbele ya kupima anampa mwingine faida yake.

Kama muko na mashini ya namna hii, ya mbao ao ya sahani za umeme, fanyeni kile kipimo cha kilo 2 wiki hii na muandike namba zenu 5 hapa chini. Tutazisoma pamoja, tutafute pete laini ya kila mmoja. Msilete kwanza picha ya fito mpya za kununua. Leteni namba.